Uji wa Baba na Dawa ya Kinga

Kazi ya kwanza ya Chiriku kila asubuhi ilikuwa uji. Si wake, wa baba. Aliupika mwepesi, akaupoza, akaumiminia unga wa dawa na kuukoroga mpaka hakuna kilichoonekana. Baba alikuwa na saratani ya koo, na koo lilimwuma kiasi kwamba kumeza kidonge kizima kulimtoa machozi, mtu mzima na ndevu zake. Mfamasia wa hospitali alivikagua vidonge vyake kimoja kimoja, akasema hivyo vinaweza kusagwa. "Lakini si kila kidonge kinasagwa," alionya. "Mkiongezewa kingine, mje mniulize kwanza."

Jina la Chiriku alipewa na baba kwa sababu ya mdomo wake. Baba alipenda kutia chumvi kwamba mtoto huyo alianza kuongea kabla hajatambaa, na tangu hapo hajanyamaza. Haya, na yeye baba je? Kazi yake ilikuwa kunadi samani kuukuu. Siku za mnada alipanda juu ya meza, katikati ya makabati, vitanda na friji zilizokwisha kutumika, akapaza sauti mpaka watu waliokuja kutazama tu wakajikuta wananunua. Mtaa mzima ulimwita Mnadi. Mtu kama huyo ukimnyang'anya koo, umemnyang'anya kila kitu.

Mama alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na zamu yake ilianza alfajiri. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Chiriku ndiye aliyebaki kuwa mkono wa kulia wa baba. Alimpikia, akamsindikiza hospitali, akamrudisha nyumbani. Baba naye alimsifia kwa kila aliyepita.

"Unawaona wale wenye makoti meupe?" aliwaambia majirani. "Wale ni wasaidizi tu. Daktari wangu ni huyu hapa."

Chiriku alivimba kichwa. Nani asingevimba?

Lakini kusaga vidonge ni kazi ya kuchosha. Alivisaga katika kinu kidogo kilichotengwa kwa kazi hiyo, na mchi wake ulimchubua viganja. Basi akabuni njia ya mkato. Badala ya kusaga kila siku, alisaga dawa za siku nyingi kwa mkupuo mmoja, akazifunga katika vipande vya karatasi alivyochana kwenye daftari la zamani, akavipanga ndani ya kopo. Asubuhi ni kufungua kimoja, kumimina, basi.

Njia hiyo ilikwenda vizuri mpaka siku daktari alipowaita. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na alizoea kumtazama mtu machoni anapozungumza.

"Wiki hii tunaanza mionzi," alisema. "Kabla ya kila mionzi mzee atapewa dripu ya dawa ya kinga. Dawa hiyo ina tabia ya kushusha presha. Sasa, yeye tayari anakunywa kidonge cha kushusha presha, kile cha rangi ya waridi. Viwili hivyo sitaki vikutane mwilini. Kidonge cha waridi kisimame tangu leo, mpaka nitakaposema. Nani anamtengenezea dawa nyumbani?"

"Mimi," Chiriku alijibu.

"Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

Na kweli alielewa. Lakini alipofika nyumbani na kufungua kopo, alikuta vile vifurushi vyote vimeshasagwa pamoja na kidonge cha waridi. Kukitoa? Utakitoaje kitu kilichokwisha kuwa unga? Alipaswa kuvirudisha kwa mfamasia vyote siku ileile. Akaviangalia, akakumbuka viganja vyake, akaona uchungu. "Nitavitumia baba akiruhusiwa tena," alijiambia. Akavisukuma chini kabisa ya kopo, akasaga dawa nyingine bila kile cha waridi, akazifunga katika karatasi za kaki na kuzipanga juu. Hakumwambia mama wala baba. Aliona halikuwa jambo la kuwasumbulia watu.

Siku zikaenda salama. Kisha ikafika jioni moja ambayo Chiriku alicheza rede na wenzake mpaka miguu ikamwisha nguvu, akarudi, akala, akalala bila hata kulifungua lile kopo na kuona kwamba vifurushi vya kaki vimekwisha.

Asubuhi alichelewa kuamka. Baba alikuwa ameshavaa viatu. "Chiriku! Leo tunakwenda hospitali au tunakwenda kulala?" Uji nao ukaanza kufurika na kuzima moto. Huku anafuta jiko, huku anapoza uji, akatumbukiza mkono ndani ya kopo, vidole vikapapasa, vikagusa kifurushi. Alhamdulillahi! Alikimimina, akakoroga, akaikunjakunja karatasi na kuisokomeza mfukoni mwa gauni kwa sababu hapakuwa na muda wa kuitupa. Hakuitazama.

Hospitalini walingoja katika chumba cha dripu, chumba chembamba chenye vitanda vya kupumzikia na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nesi mkuu wa chumba hicho alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Hakucheka ovyo, lakini baba alikuwa ameapa kwamba kabla matibabu hayajaisha atamchekesha. Alimpa baba jagi la maji.

"Kunywa yote. Ile dawa haitaki mwili mkavu."

"Yote? Nesi, mimi ni mnadi, si ngamia."

"Yote," nesi alisema, na pembe moja ya mdomo wake ikacheza kidogo.

Kwenye kiti cha jirani alikaa mzee mmoja mwenye chupa ya maji. Alikuja kuangaliwa tu, maana alitibiwa kwa mionzi zamani na saratani yake ilipona. Lakini kila alipotaka kusema maneno mawili, alipiga funda la maji kwanza. "Mate yangu yalikauka," alimweleza Chiriku, akapiga funda. "Wakati wetu hatukupewa hiyo dawa yenu." Funda jingine. "Hata mkate, mjukuu wangu, bila maji haushuki." Ilimchukua muda mrefu kumaliza hayo machache.

Chiriku alimtazama baba, akamtazama mzee. Akajaribu kumfikiria Mnadi amesimama juu ya meza yake na chupa mkononi, anapiga funda kwa kila neno huku wanunuzi wanaondoka mmoja mmoja. Moyo ulimwuma.

"Nesi, hiyo dawa inaizuiaje mionzi?" aliuliza.

"Haiizuii. Mionzi inapita kama kawaida." Nesi alivaa miwani, akaanza kuufunga mkanda wa kipimo cha presha kwenye mkono wa baba. "Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo mno zilizo hai. Ndani ya seli kuna maji. Mionzi ikipita inayapasua yale maji, na vinatoka vipande vikali vinavyorukaruka na kuharibu chochote vinachogusa. Tunataka viharibu seli za saratani. Taabu ni kwamba mionzi haichagui. Tezi za mate ziko palepale jirani, nazo zinaumia."

"Kwa hiyo dawa?"

"Dawa inaingia ndani ya seli nzima, zile zisizo na saratani, na kuvidaka vile vipande kabla havijaleta madhara makubwa. Havidakwi vyote, lakini vingi."

Chiriku alifikiri kidogo. "Sasa na seli za saratani si zitaitumia nazo zijikinge?"

Nesi aliacha alichokuwa anafanya, akamtazama juu ya miwani. "Wewe mtoto, hilo ndilo swali hasa. Dawa ikiingia mwilini inakuwa imelala. Seli nzima zina kitu cha kuiamsha, tena kingi. Seli za saratani zinacho kidogo tu. Kwa hiyo inaamka zaidi kule tunakotaka. Ila ina ukali wake. Inachefua, na inaweza kuporomosha presha. Ikiporomoka sana mtu anazimia, na moyo wenyewe unaweza kushindwa kazi. Ndiyo maana namlaza kitandani na kumpima kila mara."

Mkanda ulijaa pumzi, ukalegea. Nesi alisoma kipimo, akainua nyusi.

"Mzee, presha yako leo nzuri ajabu. Juzi na jana ilikuwa juu juu. Hujanywa kile kidonge cha waridi?"

"Sijakigusa, Nesi," baba alijibu kwa uhakika kabisa. "Tangu daktari alipokataza. Muulize daktari wangu huyu."

Lakini nesi alishaanza kuutafuta mshipa, akatosheka na jibu la baba.

Chiriku pua ilikuwa inamwasha. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akatoka na karatasi iliyokunjwakunjwa. Akaitazama. Haikuwa ya kaki. Ilikuwa nyeupe, yenye mistari ya daftari, na kwenye mikunjo yake kulibaki unga wa rangi ya waridi.

Moyo ulimlipuka paa! Alifumba mkono haraka, mtu asije akaona. Presha nzuri ajabu. Kumbe ndiyo hiyo! Baba alikuwa amekunywa kidonge cha waridi ndani ya uji, mpaka tone la mwisho, akafuta na mdomo na kusema asante mwanangu.

Aseme. Aseme nini? Akisema, baba atanyimwa kinga leo, na mate yake je? Tena atasema mbele ya nesi, mbele ya mzee wa chupa, mbele ya baba aliyemwita daktari wake mtaa mzima ukasikia. Labda kidonge kimoja si kitu. Labda kimeshayeyuka kikaisha. Baba ni mtu mwenye nguvu, hubeba kabati peke yake. Alijipa moyo hivyo, huku akiifinya ile karatasi ndani ya kiganja.

Sindano iliingia kwenye mshipa, nesi akaibandika plasta. Akatoka, akarudi na mfuko wa dawa, akautundika kwenye chuma kirefu kando ya kitanda. Akaunganisha mpira. Baba alikuwa amelala chali, mikono juu ya tumbo.

"Mbona chiriku wangu leo ametulia?" aliuliza huku anatazama dari. "Nesi, mpime na huyu. Akinyamaza huyu ujue anaumwa."

Chiriku alifungua mdomo. Akaufunga tena. Nesi aliinua mkono akashika kile kigurudumu kidogo cha kufungulia dripu, na kidole gumba kikaanza kukisukuma.

"Usifungue!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Mzee wa chupa alishtuka, maji yakammwagikia. Nesi aliganda, kidole bado kwenye kigurudumu.

"Usifungue, Nesi, tafadhali. Amekunywa. Amekunywa kidonge cha presha, mimi ndiye niliyempa, kilikuwa kwenye uji. Nilivisaga zamani, nikaviweka, sikuvirudisha, leo nimechelewa nikachukua bila kuangalia." Alikuwa analia sasa. Akaufungua mkono, ile karatasi ikaonekana na unga wake.

Nesi alikifunga kigurudumu mpaka mwisho. Akaichomoa dripu, akaiweka mbali kabisa na kitanda. Hapo ndipo alipoichukua karatasi, akaisogeza karibu na miwani.

"Alikunywa saa ngapi?"

"Kabla hatujatoka nyumbani."

"Kaa hapa, usiondoke. Namwita daktari."

Baba hakusema neno. Aligeuza kichwa akamtazama mwanawe, na Chiriku akashindwa kumtazama. Angekaripiwa angepata nafuu. Ule ukimya wa baba, mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata usingizini, ulimuumiza kuliko fimbo.

Daktari alikuja upesi. Alimsikiliza nesi, akampima baba mwenyewe, akamsikiliza moyo. Kisha akavuta kiti.

"Dawa ya kinga leo hapana," alisema. "Kidonge kile kinafanya kazi mwilini mchana kutwa. Nikiiongeza hii juu yake, sijui presha itaishia wapi, na sitaki kujua. Lakini mionzi yenyewe sitaki kuiahirisha, maana saratani tukiipa nafasi inapumua. Mzee, leo utaingia bila kinga. Siku moja kati ya nyingi. Utasikia mdomo kuwa mkavu zaidi siku mbili tatu hizi, lakini tezi zako zitaivumilia. Unakubali?"

Baba alimtazama mzee wa chupa, akameza mate, na kumeza kwenyewe kukamuuma. "Nakubali," alisema.

Wakamwingiza katika chumba cha mashine. Kupitia mlango, Chiriku aliona mtaalamu akimlaza baba na kumfunika uso kile kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichofinyangwa kwa sura yake ili kichwa kisitikisike. Mlango ule mzito ukajifunga. Taa nyekundu ikawaka juu yake. Chiriku alisimama ukutani akiitazama, akifikiria vile vipande vikali vinavyorukaruka ndani ya shingo ya baba yake na hakuna wa kuvidaka. Alijuta. Angekuwa na uwezo angeingia yeye alale pale.

Taa ilipozimika na baba kutoka, alama za matundu ya kinyago zilikuwa zimemchora mashavuni. Nesi alimrudisha kitandani, akampima tena presha. Akamwita Chiriku.

"Njoo usome mwenyewe. Unaona? Imeshuka kuliko ilivyokuwa mlipofika, na hiyo ni kazi ya kidonge peke yake. Sasa fikiria ningefungua ile dripu."

Chiriku alifikiria.

"Nami nina langu," nesi akaendelea, na sauti yake ikalainika. "Presha ilivyokuwa nzuri ghafla vile, nilipaswa kuuliza zaidi. Nilimuuliza anayekunywa uji, sikumuuliza anayeupika. Kuanzia kesho nitakuuliza wewe kwanza. Na vile vifurushi vilivyobaki, vyote uvilete kwa mfamasia. Dawa isiyotumika haifichwi nyumbani."

"Ndiyo, Nesi."

Njiani baba hakunadi, hakutania, hakuwasalimia hata wauza viatu waliomwita kwa sauti. Chiriku alitembea nyuma yake hatua kadhaa.

Mama aliporudi kazini akaelezwa. Alikaa kitini na mkoba wake bado begani, akashika kichwa. "Mungu wangu! Mwanangu, ungetuulia baba yako!" Akalia kidogo, akajifuta. "Basi. Kesho nitaamka mapema zaidi, uji nipike mimi na dawa niweke mimi. Wewe utamsindikiza tu."

Chiriku aliinamisha kichwa. Aliona ni haki. Akaenda kulichukua lile kopo ili amkabidhi mama.

"Liache hapo," baba alisema.

Sauti ilikuwa nzito na kavu, ikakwama katikati. Aliomba maji, akanywa, akaanza upya.

"Chiriku, kosa lako la leo si la leo. Lilianza siku ile ulipoona uvivu wa kuvirudisha vile vifurushi, ukavificha, ukaona ni jambo dogo. Ulikuwa unachezea uhai wangu bila kujua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Bado sijamaliza. Nilikuwa nimelala pale nakutazama. Nilijua una jambo. Niliona unavyopigana nalo, unaogopa aibu, unaogopa nikose dawa. Ukasema. Watu wangapi wazima wangenyamaza?" Akanywa maji tena, akamgeukia mama. "Mama Chiriku, uji ataendelea kupika yeye."

"Baba wewe! Baada ya haya?"

"Baada ya haya ndiyo hasa. Kukosea, hata wewe utakosea, hata daktari anakosea. Mimi namtaka mtu ambaye akikosea nitajua. Huyu nimeshamjaribu leo, na nilikuwa na sindano mkononi."

Mama akavua mkoba begani na kuuweka mezani. "Haya. Lakini nitakukagua," alimwambia Chiriku.

"Nikague, mama. Kila siku."

Wakalimwaga kopo lote mezani wote watatu, wakavitia vile vifurushi vyeupe katika mfuko wa kupeleka kwa mfamasia. Kisha Chiriku akachukua kinu, akasaga dawa za siku moja tu.

Kesho yake katika chumba cha dripu nesi alifunga mkanda wa kipimo, akasoma, akaandika. Hakumtazama baba. Alimgeukia Chiriku, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mpika uji, leo umetia nini?"

Chiriku alivitaja vidonge vyote kimoja kimoja, kwa majina na rangi zake. Cha waridi hakikuwemo. Nesi akatikisa kichwa kukubali, akakisukuma kigurudumu, na dawa ikaanza kudondoka tone baada ya tone kuelekea mkononi mwa baba.